Kufundisha watoto namna mwili unajilinda



Katika gazeti hili tunazoea kusema juu ya muhindi, mihogo, mbolea na bei ya soko. Safari hii tunasema juu ya watoto, na hatutoki mbali na shamba. Mvua ikianza, mama aliyelaza mtoto ku kituo cha afya hapandi. Wiki mbili zikipita, wenzake wamekwisha kupalilia na yeye bado hajafungua udongo. Kila mwaka tunaona mashamba ya namna hiyo, na mara nyingi nyuma yake kuna homa ya malaria, kuhara ao surua.

Tukipita ku vijiji watoto wanatuuliza swali moja: «Juu ya nini banatutoboya shindano na hatuko bagonjwa?» Ni swali zuri sana, na linapita ukubwa majibu ambayo wakubwa wengi wanatoa. Mtoto akiambiwa «nyamaza, ni ya afya yako», ananyamaza, lakini hajaelewa kitu. Somo hili ni kwa ajili ya swali hilo. Linaweza kutolewa chini ya mti, siku ya mkutano, wakati wazazi wanahesabu makuta ya koperative.

Vitabu vingi vinasema kwamba ndani ya damu kuna askari. Sisi tumeacha neno hilo. Watoto wengi wa inchi yetu hawana furaha wakisikia askari anakuja. Tena askari kazi yake ni kupiga, lakini kazi kubwa ya kinga ya mwili ni kutambua: huyu ni wa kwetu, huyu ni mgeni, huyu mgeni ni mbaya. Kwa hiyo tunasema walinzi wa shamba. Mtoto wa mkulima amekwisha kukaa ku shamba tangu asubuhi kufukuza ndege, anajua kazi hiyo inavyochosha, na anajua mlinzi asiyejua kutofautisha mbuzi wa jirani na nyani anavyoleta kesi.

Shamba lina uzio kwanza. Uzio wa mwili ni ngozi. Kidonda kidogo ni tundu ku uzio, ndiyo maana tunakiosha na maji safi na sabuni mara moja, hatungojei jioni. Ku pua na ku koo kuna ute unaonasa vumbi na vijidudu, na chini ya ute kuna vinyweleo vidogo, havionekani kwa macho, vinavyofagia uchafu kwenda juu mpaka tukohoe ao tumeze. Ukimeza, tumbo lina maji makali yanayoua vijidudu vingi. Machozi pia yana dawa ndani yake. Watoto wanacheka sana wakisikia kwamba kamasi ni kazi ya maana.

Mdudu akipita uzio anakuta walinzi wa kwanza. Ni chembe nyeupe za damu, zinazozaliwa ndani ya mifupa, ku ule mute laini tunaoupenda ku mifupa ya ngombe. Chembe hizi haziulizi jina. Zinameza kila kitu kigeni zinachokuta. Usaha wa kidonda kwa sehemu kubwa ni chembe hizo zilizokufa ku kazi. Sehemu inakuwa nyekundu, inavimba na inapata moto kwa sababu damu nyingi imekuja pale ikileta walinzi. Mtoto akijikata mguu kisha akapata uvimbe ku kinena, ule ambao wengine wanaita mtoki, mwambie kwamba pale ndipo walinzi wanapokutanika na kupeana habari. Homa vile vile: mwili wenyewe unapandisha moto, kwa sababu vijidudu vingi havizai vizuri ndani ya joto. Lakini hapa tuwe wakali kidogo. Kwetu Lualaba homa ya mtoto ni malaria mpaka ipimwe, na kupima kunafanywa siku ile ile.

Kuna walinzi wa aina ya pili, na somo letu lote liko hapo. Hawa wanajifunza. Adui mpya akija mara ya kwanza wanachelewa, wiki moja ao zaidi, kwa sababu wanatafuta kati yao nani ana ufunguo unaoingia ku kufuli la mdudu huyu. Wakimpata, yule anazaa maelfu kama yeye, na wanatengeneza kingamwili, vitu vidogo sana vinavyobandikwa ku mdudu ili asiingie tena ndani ya chembe za mwili na walinzi wengine wamuone kwa urahisi. Vita ikiisha wengi wanakufa, lakini wachache wanabaki miaka mingi wakikumbuka ile sura. Mdudu akirudi, hawangojei wiki. Mtu hata hajui kama alitembelewa.

Sasa chanjo. Chanjo inaonyesha walinzi sura ya adui bila adui mwenyewe. Mara ni mdudu aliyekufa, mara ni kipande chake tu, mara, kama ile ya surua, ni mdudu mzima aliyedhoofishwa asiweze kuleta ugonjwa kwa mtoto mwenye kinga nzuri. Walinzi wanajifunza bila mtoto kulipa bei. Homa ndogo ya usiku mmoja baada ya shindano ni kelele ya darasa likijifunza. Na hili ndilo jibu la watoto: tunachanja wasio wagonjwa kwa sababu mlinzi anafundishwa kabla nyani hajaingia. Akiisha kuingia, hakuna wakati wa darasa.

Wenye kufuga kuku wanajua hili kuliko wote. Ugonjwa wa Newcastle ukifika ku mtaa, unamaliza kuku kwa siku chache, na hakuna dawa ya kuuponya. Anayekimbilia chanjo siku hiyo amechelewa. Aliyeweka tone ku jicho la kila kuku mapema, wakiwa wazima, anabaki na kuku. Tena tone moja halitoshi maisha yote: chanjo ya tone inarudiwa karibu kila miezi 4, kwa sababu kumbukumbu ya kuku inapungua na kwa sababu vifaranga vipya havijafundishwa kitu. Mtoto anayemshika kuku wakati baba anaweka tone amekwisha kupata nusu ya somo. Mwambieni tu nusu nyingine.

Tuseme juu ya surua kwa urefu, kwa sababu inatuhusu sana. Mwaka 2015 ilipita ndani ya Katanga ya zamani na kuumiza sana sehemu kama Malemba-Nkulu. Kisha mwezi wa 6 mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba kuna mlipuko wa surua ku inchi nzima. Ulitangazwa kuisha mwezi wa 8 mwaka 2020, kiisha miezi 25, na watoto zaidi ya 7,000 wa chini ya miaka 5 walikuwa wamekufa. Wakati ule ule Ebola ilikuwa ku mashariki, ikaua watu 2,287. Radio zilisema Ebola asubuhi na magaribi. Surua, iliyoua mara tatu ya hapo, haikutajwa sana, labda kwa sababu wengi wanaiona kuwa ugonjwa wa kawaida ambao kila mtoto lazima apite.

Si wa kawaida. Kijidudu chake kinapita ndani ya hewa na kinaweza kubaki ndani ya chumba mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Mgonjwa mmoja, kati ya watu wasio na kinga, anaambukiza 12 mpaka 18. Na kina ubaya mwingine ambao wazazi wachache wanaujua: kinavamia wale wale walinzi wenye kukumbuka. Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa, kabla na baada ya surua. Watoto walikuwa wamepoteza kati ya sehemu 11 na sehemu 73 kwa 100 ya kingamwili walizokuwa nazo juu ya magonjwa mengine. Ni kama moto ulioingia ku ofisi ya koperative na kuchoma madaftari: watu wako, lakini hakuna anayejua tena nani ana deni. Ndiyo maana mtoto anapona surua, mama anashukuru Mungu, na miezi miwili baadaye mtoto anaanguka na pneumonia ao kuhara. Watu wanasema ni ugonjwa mwingine. Mara nyingi ni ile ile surua ikiendelea na kazi yake.

Mama mmoja wa koperative alituuliza sababu gani chanjo ya surua inangoja miezi 9, wakati ugonjwa haungoji. Ni swali la mkulima. Mtoto anazaliwa na kingamwili za mama, alizopewa ndani ya tumbo. Miezi ya kwanza zile zinamlinda kidogo, lakini pia zinakamata chanjo kabla walinzi wa mtoto hawajaiona. Kwa hiyo tunangoja zipungue. Hata kwa miezi 9, kati ya watoto 100 waliochanjwa, karibu 15 hawashiki somo mara ya kwanza. Hao wanahitaji shindano la pili. Kwa ajili hiyo, mtoto aliyechanjwa mara moja kisha akapata surua si ushuhuda kwamba chanjo ni uongo. Ni ushuhuda kwamba mara moja haitoshi.

Mchezo wa kufanya na watoto ni huu. Watoto 20 wasimame karibu karibu, macho yamefungwa. Mtoto wa 21 ni mgeni aliyetoka safari na surua. Mara ya kwanza hakuna mwenye kitu ku mkono. Mgeni anagusa 3, kila aliyeguswa anaketi na kugusa 3 wengine, na hivyo hivyo. Kwa hatua 3 wote wameketi. Mara ya pili toa punje ya maharagi kwa watoto 19. Mwenye punje akiguswa haketi na hagusi mtu. Mgeni anagusa 3, na mara nyingi mambo yanaishia hapo. Uliza: yule mmoja asiye na punje, nani alimlinda? Umwambie kwamba huyo ni mtoto wa miezi 6 ambaye umri wake haujafika. Mara ya tatu toa punje 12 tu, na muone. Hesabu ya waganga kwa surua ni 95 kwa 100, ndiyo 19 kwa 20. Watoto wa Mutshatsha walitaka kurudia mpaka jua likatua, na mzee mmoja akaomba aingie.

Ku Kolwezi na ku barabara ya kwenda Fungurume hesabu hiyo ni ngumu kuifikia. Jamaa zinahama. Baba anasikia kwamba kuna mashimo mapya, wanafunga mizigo, wanajenga nyumba ya maturubai, kiisha miezi mitatu wanatoka. Karatasi ya chanjo inapotea njiani, na timu ya wachanjaji inapita ku kijiji walichoacha. Tena kuna vumbi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa habari za mtaa wa Kasulo, pale watu walichimba kobalti mpaka ndani ya viwanja vyao. Walikuta kobalti nyingi ndani ya mkojo wa wakaaji, na zaidi kwa watoto. Vumbi la namna hiyo linachosha ule ufagio wa mapafu tuliousema. Jambo ambalo mzazi anaweza bila kungoja mtu: nguo za mgodi zisiingie ndani ya nyumba, na sakafu imwagiwe maji kabla ya kufagia.

Walinzi wanakula. Bukari peke yake inajaza tumbo lakini haiwatoshi. Wanataka maharagi, karanga, samaki, mayai, hata viwavi wakati wake, na vitamini A inayoshika uzio wa macho na wa koo. Mtoto wa surua asiyekuwa na vitamini A anaweza kupofuka. Kwa hiyo ku kituo cha afya wanampa vitamini A siku mbili zinazofuatana. Ku shamba iko ndani ya viazi vitamu vya rangi ya machungwa, papai, lenga-lenga, sombe, na mafuta ya mawese mekundu. Bamama, tunaomba hili: msichome mawese mpaka yawe meupe. Ile rangi nyekundu ndiyo vitamini, na mnaipeleka ku moshi. Na maziwa ya kwanza ya mama, yale ya manjano, mtoto anyonye yote, yamejaa kingamwili. Chupa za «kuongeza kinga» zinazouzwa ku soko, sisi hatuzinunui. Makuta yale yanatosha trei ya mayai.

Malaria haifuati kanuni ya surua. Kijidudu chake kinabadilisha sura, na mwili unajifunza polepole, unasahau upesi. Mtoto aliyeugua mara tano bado alale ndani ya musikitere.

Kabla ya mkutano wa mwezi ujao, kila mwanamemba aangalie karatasi za watoto wake: surua mara ngapi, tarehe gani. Mwandishi wa koperative ataziandika ku daftari moja, hata za watoto wa jamaa zinazopita tu. Asiye na karatasi asione haya. Ampeleke mtoto ku kituo cha afya aseme wazi kwamba imepotea. Chanjo ya surua ikirudiwa haimdhuru. Karatasi mpya iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na mbegu, ku kamba ile ile iliyo juu ya moto ambayo panya hawafiki.