Mdudu Mgeni Katika Bustani ya Mahindi

Wanafunzi wa Kisesa, mkoani Mwanza, walikuwa wakipalilia mahindi katika bustani ya shule. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mmoja wao aliona majani yenye matundu, na katika moyo wa mmea palikuwa na kinyesi kama unga wa mbao uliolowa. Alipofunua majani taratibu, alimkuta kiwavi wa rangi ya kahawia.

"Huyu si mdudu," alisema mwenzake. "Mdudu ana miguu sita. Huyu ana kumi na sita!"

Mwalimu hakumjibu. Aliwaagiza wamtie kiwavi katika chupa pamoja na jani bichi, wamtazame kwa kioo cha kukuzia.

Nanyi fanyeni hivyo. Miguu sita iliyo kifuani ina viungo. Hiyo ndiyo miguu ya kweli. Kumi iliyobaki ni vinyama laini vya kushikilia jani, navyo hutoweka kiwavi anapogeuka kuwa nondo. Basi kiwavi ni mdudu ambaye bado hajakamilika.

Lakini ni kiwavi gani? Hapa ndipo wengi hukosea. Kichwani wanafunzi waliona alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Hata hivyo, kiwavijeshi wetu wa zamani, yule aendaye kwa makundi makubwa, naye huweza kuwa na alama hiyo. Rangi pia hudanganya, kwa kuwa viwavi wa aina moja huweza kuwa kijani, kahawia au karibu weusi. Tazameni upande wa mkia. Mkiona madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, huyo ni kiwavijeshi vamizi.

Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Alionekana Afrika mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Nondo wake huruka usiku na huweza kusafiri kilometa 100 kwa usiku mmoja. Jike hutaga mayai 100 hadi 200 mahali pamoja na kuyafunika kwa manyoya ya mwili wake. Viwavi wakikua hulana wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana mara nyingi hubaki mmoja tu katika moyo wa mmea. Kumkuta mmoja, kwa hiyo, si dalili ya usalama.

Wanafunzi walikagua mstari mmoja baada ya mwingine. Yule aliyehesabu miguu ndiye aliyeyaona mayai chini ya jani, yamefunikwa kama kwa ukungu. Aliyaponda kwa vidole, kisha mwalimu akampelekea afisa kilimo habari.

Kazi ya kufanya

1. Kagueni mashina 20 ya mahindi asubuhi. Mangapi yana kinyesi katika moyo?
2. Mwekeni kiwavi katika chupa yenye udongo na majani mabichi. Funikeni kwa kitambaa. Andikeni siku atakayoingia udongoni na siku nondo atakapotoka. Msimwachie aruke.
3. Kwa nini alama ya kichwani peke yake haitoshi kumtambua?