Mageuko ya Viumbe na Imani Yetu: Je, Mtoto Alazimishwe Kuchagua?



Katika nyumba nyingi swali hili huletwa na watoto. Kijana wa sekondari amefundishwa katika somo la Biolojia kwamba viumbe hai vimetokea kwa mageuko marefu, na kwamba hata mwili wa binadamu una historia ya mamilioni ya miaka. Naye auliza: "Basi, Kitabu cha Mwanzo ni uongo?" Wazazi wengine humjibu kwa ukali kwamba akiyasadiki hayo si Mkristo tena.

Jibu hilo lina hatari kubwa. Lamsukuma kijana ama kuidharau elimu yenye ushahidi, ama kuitupa imani aliyoipokea katika Ubatizo. Kanisa halimwagizi kuchagua hivyo. Tuyatazame mambo haya kwa utaratibu.

Kwanza, sayansi yasema nini? Mwaka 1859 Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe. Alieleza kwamba viumbe vya aina moja hutofautiana kidogo kidogo; vile vyenye umbile lifaalo mahali viishipo huzaa zaidi na kurithisha umbile hilo; na mabadiliko madogo, yakirundikana kwa vizazi vingi mno, huleta aina mpya. Fundisho hili halisemi kwamba tulizaliwa na nyani tuwaonao leo porini, bali kwamba sisi na wao tuna wahenga wa pamoja wa zamani sana. Tena aliyegundua kanuni za urithi alikuwa padre Mkatoliki, Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno na kuchapisha utafiti wake mwaka 1866.

Ushahidi mwingine umo katika ardhi ya Tanzania yenyewe. Mwaka 1959 Mary Leakey aliokota katika bonde la Olduvai fuvu lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Mwaka 1978 huko Laetoli zilipatikana nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, zilizohifadhiwa katika majivu ya volkano kwa miaka ipatayo milioni 3.6. Hayo si maneno ya wapinzani wa dini. Ni vitu vya kuonekana kwa macho.

Pili, Kanisa lasema nini? Mwaka 1950 Papa Pio XII, katika waraka wake Humani Generis, aliwaruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitoka katika viumbe hai vilivyotangulia. Lakini alishika neno moja bila kuyumba: roho ya kila mtu huumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba elimu mpya yafanya mageuko yahesabiwe kuwa zaidi ya dhana tu, naye akalirudia fundisho hilo la roho. Na juu ya anguko la wazazi wetu wa kwanza, Katekisimu ya mwaka 1992 yatufundisha kwamba sura ya tatu ya Mwanzo yatumia lugha ya mifano, lakini yathibitisha tukio la kweli la mwanzo wa historia ya wanadamu. Jinsi ya kulipatanisha tukio hilo na habari za wahenga wetu wa kale, wanateolojia wangali wakichunguza.

Wala tusidhani kwamba Kanisa limeanza jana kusoma hivyo kwa kuogopa wataalamu. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alikwisha kuonya kwamba siku za uumbaji si lazima ziwe kama siku zetu, na kwamba ni aibu Mkristo kunena upuuzi juu ya maumbile mbele ya watu wanaoyajua.

Tatu, mpaka u wapi? Anayesema kwamba mageuko yamethibitisha hakuna Mungu ameuvuka mpaka wa sayansi. Hakuna darubini iwezayo kumpima Muumba, wala mfupa utuambiao kwa nini tupo, na kwa nini kumwua mwenzetu ni dhambi.

Fikirini habari ya mtoto tumboni. Mama ajua, na mganga ajua, kwamba mtoto hukua kwa miezi tisa, hatua kwa hatua, kutoka chembe moja ndogo mno. Hata hivyo akizaliwa twasema, "Mungu ametujalia mtoto," wala hatusemi uongo. Ikiwa Mungu hupendezwa kumfanya kila mmoja wetu polepole kwa njia ya maumbile, je, ni fedheha kwake kuutengeneza mwili wa mwanadamu kwa muda mrefu zaidi?

Enyi wazazi, kuuliza si ujinga. Mtoto akiuliza, msimkemee. Mwacheni ajifunze Biolojia yake kwa bidii na kuujibu mtihani wake kwa moyo mweupe. Nanyi mfundisheni kile ambacho mtihani hauulizi: kwamba alipendwa kabla hajazaliwa, na kwamba yeye na watu wa kila kabila ni jamaa moja, wenye Baba mmoja. Ukweli hauwezi kuupinga ukweli, maana yote miwili yatoka kwa Mungu yule yule.