Kufundisha Historia ya Fedha kwa Mizani

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha historia ya fedha katika madarasa ya juu ya shule ya msingi huelekea kuipanga kama ngazi: kwanza mali kwa mali, kisha sarafu, halafu noti. Mpango huo ni mwepesi kuandika ubaoni, lakini unaficha jambo kubwa. Kwa karne nyingi madini yalipita mkono hadi mkono kwa uzito, na sarafu yenyewe ilikuwa kipande cha madini kinachosubiri kurudi motoni.

Lugha yetu inampa mwalimu mlango wa kuingilia. Neno fedha ni jina la madini meupe, na ni jina la kile tunachonunulia. Waulize wanafunzi kwa nini iwe hivyo, wala usiharakishe kuwajibu. Mtoto wa Makambako amewaona wanunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi haulizi sufuria iliyotoboka ilipikia arusi ya nani. Huitia katika mizani. Mtoto wa Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na awaulize wazee habari za wahunzi wa Upangwa, walioyeyusha mawe ya chuma ya milimani na kufua majembe. Jembe lililochakaa halikutupwa, lilifuliwa upya likawa kisu.

Hapo ndipo uwapeleke Ulaya ya Kaskazini, karne ya 9 na ya 10. Wafanyabiashara wa Skandinavia walipata dirhamu za nchi za Kiislamu kwa njia ya mito ya Urusi. Maandishi ya sarafu hizo hayakuwahusu. Walizikatakata pamoja na bangili, wakalipa kwa kupima vipande. Hazina ya Cuerdale, iliyofukuliwa Uingereza mwaka 1840, ilikuwa na sarafu, mikuo na mapambo yaliyokatwa, jumla yake kilo zipatazo 40. Vipande vingi vya namna hiyo vina alama za kisu: mpokeaji alikuwa akikwaruza ajue kama ndani ni fedha tupu.

Pwani yetu ilikuwa na desturi nyingine. Huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata mwaka 1984 sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dhahabu chache za Wafatimiya. Watawala wa pwani walipiga sarafu zenye majina yao, ingawa fedha yenyewe ilibidi iletwe kwa vyombo vya bahari. Karne ya 19 ikaja reale ya Maria Theresa, iliyoandikwa 1780 hata ilipopigwa miaka mingi baadaye. Sonara aliiyeyusha akafanya bangili na mikufu. Uzito wake, gramu 28 hivi, ulikuwa ndio wakia ya Unguja, na wakia 16 zilifanya ratili. Sarafu imegeuka jiwe la mizani! Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walifanya kinyume chake mjini Tabora: walikusanya shaba nyeupe na nyekundu iliyokwisha kutumika wakapiga heller, na dhahabu ya Sekenke wakaipigia sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo.

Katika andalio la somo, tenga kipindi kizima kwa vitendo. Zana hazina gharama: kijiti, kamba, vifuniko viwili vya kopo, na vizibo vya chupa vya kupimia. Kata waya vipande visivyolingana, uwagawie. Wachache wawe wauzaji wa mahindi na chumvi. Wengine wanunue kwa uzito wa waya. Bila shaka atatokea mjanja wa kujaza udongo ndani ya kizibo. Usimkemee upesi. Liulize darasa lingemgunduaje, ndipo uzungumzie zile alama za kisu. Somo hushika zaidi likifuata udanganyifu wao wenyewe.

Mwalimu asiagize watoto walete mapambo ya nyumbani. Lakini huenda mmoja akaleta sarafu aliyoiokota shambani. Isisuguliwe wala kuuzwa kwa sonara, kwani ikishayeyushwa haiwezi tena kusema ilitoka wapi. Andika mahali ilipookotwa, na kina chake, umpelekee taarifa ofisa utamaduni wa wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863.