Zawadi za Sikukuu Ndani ya Kanga

Swali: Karatasi za kung'aa za Krismasi zinachanika na kutupwa siku hiyohiyo. Nifungie zawadi kwa nini?

Jibu: Kanga. Kwa mama, shangazi au wifi sioni kinachoishinda, maana kifungashio nacho ni zawadi. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, inatosha hata sufuria. Kunja upande mmoja ipate kuwa mraba, weka zawadi katikati kimshazari, funika kwa pembe mbili zinazotazamana, kisha zile mbili zilizobaki zipige fundo. Panga mikunjo ili jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lisomeke juu, na ulichague kwa makini: fumbo lisilofaa humuumiza mpokeaji. Usitumie gundi wala selotepu, huacha alama.

Zawadi ndogo zifunge kwa mabaki ya kitenge. Mafundi cherehani wanayo tele. Kata mraba wenye upande mara tatu ya urefu wa boksi.

Za watoto, chukua karatasi ya kaki. Kata kiazi mviringo katikati, chonga nyota, kipake rangi ya maji, kisha watoto wenyewe wakigonge kwenye karatasi kama muhuri. Ikikauka, funga kwa kamba ya katani.