Maduka ya Bangi ya Dawa: Kanuni Mbili Juu ya Mtu Mmoja

Baadhi ya ndugu katika darasa letu wametuuliza: yasemwa kwamba huko Marekani yako maduka yauzayo bangi kwa wagonjwa, je, biashara hiyo ni halali kwa kanuni za nchi ile, na je, wenyewe wametendewa haki? Suala la kilevi na dawa katika fiq-hi lina mlango wake, nasi hatutaufungua leo.

Mwezi wa Novemba 1996 watu wa jimbo la California walipiga kura wakapitisha kanuni iliyomruhusu mgonjwa aliyeshauriwa na daktari, kama mwenye saratani au ukimwi, kuwa na bangi na kuipanda, yeye au amtunzaye. Lakini kanuni haikueleza mgonjwa asiye na kiwanja wala nguvu za kulima ataipata wapi. Katika ufa huo ndimo maduka yalimozaliwa. Na juu ya jimbo iko Serikali Kuu, ambayo kwa sheria ya 1970 iliitia bangi katika daraja la kwanza, yaani la vitu visivyokubaliwa kuwa na faida ya tiba.

Mahkama Kuu ya Marekani ilikata shauri hilo mara mbili. Mwaka 2001, katika kesi ya chama cha Oakland kilichowagawia wagonjwa bangi, ilisema kwamba dharura ya ugonjwa si udhuru mbele ya sheria ya Serikali Kuu. Mwaka 2005, mahakimu sita dhidi ya watatu walisema hata aipandaye nyumbani kwa maradhi yake mwenyewe aweza kuzuiwa. Basi jawabu la swali la kwanza ni hili: duka lilikuwa halali kwa jimbo, na jinai kwa dola.

Ama swali la pili, natutazame yaliyompata Ed Rosenthal. Mji wa Oakland ulimfanya afisa wake ili awapandie wagonjwa bangi. Akashikwa 2002. Katika mahkama ya Serikali Kuu, wale raia kumi na wawili wenye kuamua kama mshtakiwa ana kosa hawakuruhusiwa kuambiwa kwamba mji ndio uliompa idhini. Wakamtia hatiani Januari 2003. Walipotoka wakaujua ukweli, na kadhaa wao wakatangaza hadharani kwamba lau wangaliujua, wasingalimhukumu.

Watetezi wa mahkama husema kwamba idhini ya mji haiwezi kufuta sheria ya dola. Ni kweli, wala hatuwabishii. Lakini kumkataza mtu jambo ni mbali, na kumziba kinywa asieleze aliyemruhusu ni mbali. Dhulma twaiona katika hili la pili. Nani kwetu angemkubali kadhi asikizaye upande mmoja? Hakimu Charles Breyer mwenyewe, siku ya kutoa adhabu, alimpa kifungo cha siku moja, naye alikuwa amekwisha kuitumikia.

Hata wasioshtakiwa hawakusalimika. Sheria ya kodi ya 1982 ilimnyima mwenye duka la namna hii kutoa pango na mishahara katika hesabu ya mapato yake, kama watoavyo wafanyabiashara wengine. Dola iliikana biashara, kisha ikaitoza kodi nzito!

Mwishoni mwa 2014 Bunge la Marekani liliikataza Wizara ya Sheria kutumia fedha zake kuyazuia majimbo yasitekeleze kanuni zao za bangi ya tiba. Sheria ya 1970 haikufutwa kwa neno hilo. Na kwa kuwa kifungu chenyewe kiliwekwa ndani ya bajeti, kilihitaji kupitishwa upya mwaka baada ya mwaka.