Dushi Inayovuja: Pale Maji Yanapotoka, Uchafu Unaweza Kuingia



Katika kiwanda cha Ruashi shaba na kobalti zinatolewa kwa nguvu ya asidi. Tuyo ya asidi ikidondosha hata tone moja, hakuna anayepita bila kusema. Lakini nyumbani tuyo ya dushi inavuja miezi sita, nasi tunaweka beseni chini yake na kuendelea na maisha. Tunajiambia kwamba haya ni maji tu, hasara yake ni franga chache kwenye fakture ya Regideso. Leo tunataka kuzungumza juu ya hasara nyingine, ile inayopita katika kikombe cha mtoto.

Katika parsele nyingi maji hayafiki saa zote. Wakati yanapokuja, tuyo inajaa, na nguvu ya maji inasukuma kutoka ndani kwenda nje. Tundu lolote linarusha maji, kila mtu analiona. Maji yakikatika, mambo yanageuka. Jirani anayekaa chini ya mteremko anafungua robine yake, maji yaliyobaki katika tuyo yanateremka kwake, na huku nyuma tuyo inavuta, kama mtu anayenyonya kwa mrija. Ikiwa lile tundu limelala ndani ya udongo uliolowa maji ya kuogea, mkojo wa watoto na pengine maji ya choo kilicho karibu, tuyo itavuta maji hayo. Usiku Regideso inarudisha maji, na yule anayeamka wa kwanza anajaza bido ya kunywa.

Jambo hili halipatikani kwetu peke yetu. Mwaka 1969, katika mji wa Worcester, kule Marekani, wachezaji wa mpira wa chuo cha Holy Cross waliugua homa ya manjano ya ini, karibu timu nzima, hata ikapashwa kuacha mashindano ya mwaka ule. Wachunguzi walitafuta katika chakula, hawakuona kitu. Mwishowe walifuata tuyo. Moto ulikuwa umewaka katika mtaa wa karibu, wazima-moto wakavuta maji mengi, nguvu ya maji ikaanguka, na tuyo ya uwanja ikanyonya maji machafu kutoka katika vishimo vya robine za kumwagilia majani, mahali ambapo watoto wagonjwa walikuwa wamecheza. Mji ule ulikuwa na maji safi mchana na usiku. Ilitosha nguvu ianguke muda mfupi. Sisi nguvu inaanguka mara ngapi kwa juma? Na hapa Lubumbashi tunaijua kolera: ilitupiga mwaka 2008, ikarudi mwaka 2013.

Basi, kabla ya kushika ufunguo, inapashwa kujua maji yanavuja wapi. Chagua saa ambayo maji yanakuja na nguvu. Funga robine zote za parsele, waambie wapangaji wote wangoje, kisha nenda kwenye kipimo cha Regideso na utazame kile kigurudumu kidogo. Kikiendelea kuzunguka, maji yanatoka mahali fulani baada ya kipimo. Kama hakizunguki na bado kuna tope barabarani, uvujaji uko upande wa Regideso, kabla ya kipimo. Waite wao, usichimbe.

Kama ni kichwa cha dushi kinachodondosha ingawa robine imefungwa, weka chini yake kopo la nusu lita na utazame saa. Likijaa kwa nusu saa, unapoteza lita 1 kwa saa, lita 24 kwa siku, lita 720 kwa mwezi. Hizo ni bido 36 za lita 20. Mwulize mama au binti aliyebeba bido kichwani wakati wa kiangazi kama hicho ni kitu kidogo.

Matengenezo yake ni mepesi. Kazini hakuna anayefungua pampu kabla ya kufunga vane na kutundika kibao. Nyumbani ni vivyo hivyo. Funga vane iliyo baada ya kipimo, mwambie kila mtu asiiguse, kisha fungua dushi mpaka maji yaishe katika tuyo. Toa mkono wa robine kwa turnevisi, zungushia kitambaa ili ufunguo usikwaruze chuma, na ufungue kichwa chake. Chini ya mti wa robine utaona mpira mdogo wa duara. Huo ndio uliokufa. Ubebe mpaka sokoni ili upate wa kipimo kilekile. Wengi wanakata kipande katika mpira wa ndani wa baiskeli. Ni laini mno, utarudia kazi baada ya muda mfupi. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole ndani, pale ambapo mpira unakaa. Kama chuma kimelika na kina makovu, mpira mpya utakatika upesi, na ni heri kununua robine nyingine. Robine za mkono mmoja hazina mpira huo. Ndani yake mna kasha dogo ambalo linabadilishwa zima.

Na tuwaombe wababa wenye mikono ya mgodi: robine haifungwi kama bolti ya mashine. Nguvu hiyo ndiyo inayoua mpira.

Pengine maji yanatoka pale tuyo inapoingia ukutani. Hapa kuna hatari mbili. Nyumba nyingi zimejengwa kwa matofali mabichi na kupakwa simenti juu. Simenti inaficha. Kwa nje ukuta unaonekana mzima, lakini ndani tofali limekwisha kuwa tope. Gonga kwa vidole: pakilia kama ngoma tupu, au rangi ikivimba kwa chini, watoto wasioge hapo mpaka ukuta uchunguzwe. Hatari ya pili ni umeme. Kama waya au prizi iko kwenye ukuta huo, kata umeme wa nyumba nzima kabla ya kuugusa. Wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba tunachemsha maji ya kuoga kwa chuma cha umeme ndani ya ndoo. Chuma hicho kisitumiwe kabisa katika chumba chenye ukuta uliolowa. Kiungo chenyewe kinafunguliwa, nyuzi zake zinasafishwa, zinazungushiwa teflon kwa kufuata upande wa kufungia, kisha kinakazwa.

Uvujaji mbaya kuliko yote ni ule wa chini ya udongo, kwa sababu ndio unaonyonya uchafu. Alama zake ni udongo unaobaki umelowa wakati wa kiangazi, majani mabichi mahali pamoja tu, na maji ambayo asubuhi yanatoka mekundu kwa dakika ya kwanza. Chimba kwa upana wa kutosha, ukishuka chini ya tuyo, ili maji ya shimo yasiingie ndani yake utakapoikata. Yachote yote kwanza. Kama tuyo ni ya plastiki, kata kipande kibovu, kausha na safisha ncha zote mbili, tia kole na viungio vipya, ungoje ikauke kama inavyoandikwa kwenye kopo. Kole hiyo inashika moto, na harufu yake inalevya. Usivute sigara ndani ya shimo. Tuyo ya chuma iliyooza haibandikwi, inabadilishwa. Lile tambara la mpira lililofungwa kwa waya, ambalo tunaliona katika parsele nyingi, linapunguza maji yanayotoka wakati wa nguvu. Nguvu ikianguka, linaweza kuachia, na tuyo inavuta tope palepale.

Ukiwa umechimba, tazama pia maji ya kuogea yanakwenda wapi. Tuyo ya maji safi na mfereji wa maji machafu havilali katika shimo moja. Kama aliyejenga aliviweka pamoja, hamisha tuyo safi sasa, ipite juu na mbali. Na tuyo ya mpira ya kumwagilia isiachwe imezama ndani ya ndoo ya kufulia, kwa sababu nayo inanyonya.

Kuna wanaosema: basi tufunge dushi, tuoge kazini tu. Hapana. Mwaka 2009 wachunguzi wa Lubumbashi na Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo, na watoto walizidi wakubwa. Vumbi liko hata kwa wasiofanya kazi mgodini. Nyumba inahitaji mahali pazuri pa kuogea.

Katika parsele ya wapangaji wengi, ugumu mara nyingi ni franga: mwenye nyumba anangoja wapangaji, wapangaji wanangoja mwenye nyumba. Wapelekeni wote kwenye kipimo, watazame kigurudumu kinavyozunguka wakati robine zote zimefungwa. Fakture ni moja, na maji ya kunywa ni ya tuyo moja.

Mkimaliza kazi, fungua vane polepole. Acha robine iliyo mbali kuliko zote itoe maji mpaka yawe meupe kabisa. Maji hayo ni ya kufulia. Siku zile za kwanza, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1, kisha yafunikwe. Kesho yake asubuhi, kabla mtu hajafungua robine, rudi tena kwenye kipimo.