Ubingwa Gani Utafika Dranya?

Wenzetu wa udaktari wanaokaribia kumaliza mwaka wa mafunzo kazini huulizana: radiolojia au tiba ya nyuklia? Wengi hulinganisha mshahara na zamu za usiku. Imamu Ghazali ana kipimo kingine. Katika Ihya Ulumiddin aliihesabu tiba kuwa fardhi kifaya, akalalamika kwamba miji mingi haina tabibu Muislamu huku watu wakisongamana kwenye fiqhi. Basi tutazame pengo liko wapi.

Mchukue mjamzito wa Dranya anayetokwa damu miezi ya mwisho. Ultrasaundi itaonyesha kama kondo la nyuma limeziba mlango wa uzazi. Likiwa limeziba, kumpima kwa vidole kwaweza kufungulia damu ya kumuua. Mashine hii hubebeka na haina mionzi, lakini yataka mkono uliofunzwa uwe pale pale. Picha ya eksirei, kwa upande wake, yaweza kupigwa Koboko ikasomwa na bingwa aliye Kampala kupitia intaneti.

Tiba ya nyuklia haina njia hiyo, kwa kuwa dawa yenyewe hufifia safarini. Florini-18, inayosaka saratani kwenye mashine ya PET, hupoteza nusu ya nguvu kila dakika 110. Tuseme itoke Kampala alfajiri: baada ya saa 9 barabarani imebaki kama sehemu moja ya 30. Teknesi-99m hupoteza nusu kwa saa 6, ila hukamuliwa kutoka jenereta ya molibdeni inayotumika kwa wiki hivi. Hiyo yaweza kufika Arua, mradi ikute kamera ya gama na umeme wa uhakika. Iodini-131, inayotibu saratani ya tezi ya shingo, ina siku 8, lakini mgonjwa aliyepewa dozi kubwa hutengwa kwenye chumba maalumu.

Kwa hiyo anayetaka kurudi West Nile, kwa maoni yangu, aanze na radiolojia. Makerere wanaifundisha, na mazoezi ni Mulago. Tiba ya nyuklia inahitajika pia (Afrika Kusini ni ubingwa unaojitegemea), ila anayeichagua ajue kuwa ataishi mji mkubwa, na mgonjwa wa Dranya ndiye atakayepanda basi kumfuata.

Kabla ya kujaza fomu, kaa siku chache kwenye chumba cha picha cha hospitali ya rufaa ya Arua, kwa ruhusa yao. Uliza mashine zipi zinafanya kazi, na nani husoma picha zake.